Nani Hulipia Sufuria Kubwa?

Kilo 25 za unga wa mahindi kwa siku moja. Hicho ndicho kiasi ambacho mama mmoja wa kijiji cha Kabimbiri, wilayani Mukono nchini Uganda, aliwatajia waandishi wa shirika la habari la Reuters mwaka 2019 walipotaka kujua wanawe wanakula nini. Alikuwa amejifungua watoto 44, wengi wao mapacha wa wawili, watatu na hata wanne kwa mpigo, na 38 kati yao walikuwa hai. Baba yao alikuwa amekwisha kwenda zake.

Mwanamke anayeuza nafaka katika soko la Karatina, Kaunti ya Nyeri nchini Kenya, hahitaji kikokotoo ili kuielewa hesabu hiyo. Kilo 25 ni pakiti 12 na nusu za kilo mbili mbili, zile zinazopangwa kwenye rafu za kila duka kuanzia Othaya hadi Nanyuki. Kwa siku 30 ni kilo 750, yaani magunia manane ya kilo 90 na chenji. Na huo ni ugali mtupu, kabla mtu hajataja mboga, chumvi, kuni, wala sabuni ya kunawa mikono 76 kabla ya kula.

Mama huyo alisuka nywele, alipamba kumbi za sherehe, aliokota vyuma kuukuu, alitengeneza pombe ya kienyeji na kuuza dawa za mitishamba. Kamera zikamfuata kutoka pande zote za dunia, naye akapata jina la Mama Uganda. Watazamaji wengi walibaki kwenye idadi ya watoto na mshangao wa madaktari. Wachache walitulia kwenye jambo jingine ambalo yeye mwenyewe alilitaja: pesa.

Nyeri ni mahali pazuri pa kuitazamia picha hiyo, kwa sababu ni mahali ambapo familia kubwa imekuwa kitu cha kutazamwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 759,164 katika kaunti hiyo, wakiishi katika nyumba takriban 248,000. Ukigawa, unapata watu watatu kwa kila nyumba. Ni baba, mama na mtoto. Au, kama ilivyo katika maboma mengi ya Tetu na Mukurweini siku hizi, ni nyanya, mjukuu mmoja na kijana aliyeajiriwa kukamua ng'ombe. Wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu watu wanne. Saa moja jioni, taarifa ya habari ikianza na chai ikimiminwa, kuna viti vinavyobaki vitupu kwenye seti ya makochi iliyonunuliwa kwa ajili ya wageni.

Katika televisheni za ng'ambo, familia kubwa ni biashara yenye hesabu zake. Mfano unaojulikana zaidi ni wa familia ya Duggar, ya jimbo la Arkansas nchini Marekani. Kipindi chao kilianza mwaka 2008 kwenye kituo cha TLC kikiitwa 17 Kids and Counting. Namba katika jina hilo ikapanda kila mama alipojifungua, hadi ikafika 19. Baba, Jim Bob Duggar, aliwahi kuwa mbunge wa jimbo na alikuwa na majengo ya kukodisha. Familia ilijivunia kutodaiwa na mtu yeyote na kununua vitu vilivyokwisha kutumika, falsafa ambayo mteja yeyote wa mitumba pale Karatina angeielewa bila mkalimani. Watoto wakubwa walikabidhiwa wadogo wa kuwalea, na kila mmoja alikuwa na eneo lake la kusafisha.

Lakini nyumba yao kubwa ilimaliziwa na kupambwa kwa msaada wa televisheni yenyewe na wafadhili wake, na tukio hilo likawa kipindi maalumu. Hapo ndipo mtazamaji makini anapopaswa kukaa wima. Sufuria ya watu 21 inaonyeshwa ikichemka kwa uhodari na ubanaji wa matumizi, huku sehemu ya moto wake ikitoka kwa wenye kamera.

Baadaye yalitokea mengine. Mwaka 2015 kipindi kilisitishwa baada ya kashfa iliyomhusu kifungua mimba wa familia hiyo. Mwaka 2023 mmoja wa mabinti, Jill, alitoa kitabu akaeleza kwamba alionekana kwenye kipindi hicho kwa miaka mingi bila kulipwa, ilhali kazi yake ilikuwa ni maisha yake mwenyewe: uchumba wake, harusi yake, hata kujifungua kwake. Mwaka huohuo jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kuwahakikishia sehemu ya mapato watoto wanaoonyeshwa na wazazi wao kwenye video za intaneti, nayo ikaanza kutumika Julai 2024. California ilikuwa na sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji tangu mwaka 1939, ila waliotunga sheria ile hawakuwa wamefikiria mtoto anayeigiza kuwa yeye mwenyewe mezani kwao.

Uingereza nako kuna akina Radford wa Morecambe, wenye watoto 22. Hao angalau wana tanuri: baba, Noel Radford, ni mwokaji, na familia ina biashara ya pai. Afrika Kusini ina Musa Mseleku, mfanyabiashara mwenye wake kadhaa, ambaye tangu mwaka 2017 amekuwa akiifungulia kamera nyumba yake katika kipindi cha Uthando Nes'thembu. Watu hubishana kuhusu wivu wa wake. Umaarufu wenyewe umekuwa mtaji, na hilo hubishaniwa mara chache.

Televisheni ya Kenya ina desturi nyingine kabisa. Hapa familia kubwa huingia kwenye skrini kupitia dirisha la taarifa ya habari, kwa dakika tatu, karibu na mwisho, kabla ya michezo. Mama amejifungua watoto wanne kwa pamoja. Kamera inaonyesha vitanda vya hospitali, kisha chumba cha mabati, kisha baba anayefanya kazi za vibarua akikuna kichwa. Mwandishi anahesabu nepi na makopo ya maziwa. Halafu, chini ya skrini, inapita nambari ya M-Pesa. Wasamaria wema huitikia wiki hiyo, pengine na mwanasiasa akafika na mablanketi. Watoto wanapotimiza miaka minne, umri wa kula kama nzige, kamera imekwisha kusahau njia ya kurudi.

Kwa hiyo kule kuna mkataba na huku kuna nambari ya simu.

Kabla ya hayo yote, Kenya ilikuwa na nyota wake wa familia kubwa asiyehitaji kituo cha televisheni. Ascentus Akuku wa Ndhiwa, aliyejulikana kama Akuku Danger, alioa wanawake zaidi ya 100 katika maisha yake marefu. Alikuwa na watoto wa kutosha kujaza madarasa, naye akajenga shule ili wasome. Alipofariki mwaka 2010 magazeti yaliandika mengi kuhusu haiba yake. Ila ile shule ndiyo iliyosema mengi zaidi: mtu akifikia idadi hiyo, analazimika kuwa serikali ndogo.

Watu wa Nyeri wenye umri wa miaka 50 kwenda juu huzitazama hadithi hizi kwa jicho jingine. Wao walizaliwa ndani yake. Utafiti wa uzazi wa 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya, kwa wastani, angezaa watoto wanane, idadi iliyokuwa miongoni mwa kubwa zaidi duniani, ingawa serikali ilikuwa na mpango rasmi wa uzazi tangu mwaka 1967. Nyumba ya watoto wanane, tisa au kumi haikuwa habari. Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa rais wa Kenya, aliyezaliwa Gatuyaini kule Othaya mwaka 1931, alikuwa kitinda mimba wa watoto wanane. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe kule Tetu mwaka 1940, alikuwa wa tatu kati ya sita wa mama yake, na baba yake alikuwa na wake wanne.

Hadithi ya Maathai, kama alivyoisimulia katika kitabu chake Unbowed, ni somo la fedha za familia kubwa kuliko vipindi vingi vya televisheni. Baba alifanya kazi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru. Mama alirudi Ihithe ili watoto wa kiume wapate shule. Binti mkubwa alikuwa wa kubaki nyumbani amsaidie mama yake, kwa kuwa kila nyumba yenye watoto wengi ilihitaji mama mdogo. Kaka yake Nderitu ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari haendi shuleni kama wengine. Mama akatafakari, akakubali. Mwaka 1960 binti huyo alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kusoma, na mwaka 2004 akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Swali la mtoto mmoja wa kiume lilibadili bajeti ya nyumba nzima. Haijulikani ni mabinti wangapi wa vijiji vya jirani ambao kaka zao hawakuuliza.

Nyumba kubwa ya Mkikuyu wa zamani haikuwa na mfuko mmoja. Mzee alikuwa na thingira, nyumba yake mwenyewe, na kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake la kulima na ghala lake la nafaka. Mke mwenye bidii alilisha watoto wake kwa jembe lake. Kwa lugha ya leo, mzee alisimamia kampuni zinazojitegemea, na hasara ya moja haikuzizamisha nyingine. Anayewatazama akina Mseleku na kushangaa kila mke ana nyumba yake angeambiwa na nyanya yeyote wa Mathira kwamba hakuna jipya hapo isipokuwa vigae na magari.

Kisha kahawa ikaja na mfuko mmoja, wenye jina la mwanamume. Baada ya mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1950, vipande vya mashamba vilivyotawanyika viliunganishwa na kuandikishwa, mara nyingi kwa jina la baba. Mkulima akawa na nambari ya uanachama katika chama cha ushirika. Matunda ya kahawa yalipelekwa kiwandani kwa kilo, na malipo yakaja kwa awamu. Msimu mkubwa wa kuchuma, kati ya Oktoba na Desemba, uliishia kwenye likizo ndefu ya shule, na hapo ndipo watoto wanane walipokuwa mali. Kila mmoja alikuwa na debe lake. Mtoto wa miaka saba alichuma matawi ya chini, wale warefu wakavuta ya juu, na jioni foleni ya kupima ilikuwa ya familia nzima.

Barafu ilipoua mikahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ilipaa, na mwaka 1976 na 1977 pesa ziliingia vijijini kwa namna ambayo wazee bado wanaikumbuka. Mabati yalichukua nafasi ya nyasi, ingawa hapo sifa si ya kahawa peke yake: wanawake wa Nyeri na Murang'a walikuwa na vikundi vyao vya mabati, wakichangishana na kuezekeana nyumba moja baada ya nyingine. Sifa hiyo huwa inasahaulika mapato ya mwanamume yanaposimuliwa.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Ilikuwa pia miaka ya serikali kuwataka wazazi wachangie gharama za shule na hospitali. Kwa hiyo watoto waliokuwa mikono 16 ya kuchuma waligeuka vinywa vinane na barua nane za karo kwa wakati mmoja. Mikahawa iling'olewa au kuachwa kwenye magugu, nayo maziwa, majani chai na viazi vikachukua nafasi. Hakuna tangazo la uzazi wa mpango lililokuwa na nguvu kama barua ya mwalimu mkuu ya kumrudisha mtoto nyumbani akalete salio.

Hesabu hiyo haijalegea. Kwa miaka mingi karo rasmi ya bweni katika shule ya upili ya kitaifa imekuwa Sh53,554 kwa mwaka. Mzazi mwenye watoto watatu wanaofuatana humo alihitaji Sh160,662, bila godoro, sanduku, nauli ya matatu na kile kinachoitwa pesa za matumizi. Ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa hawezi. Bonasi ya majani chai, inayosubiriwa kila Oktoba kama mvua, huwa imeshakopewa kwenye sacco kabla haijafika. Bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, ni mojawapo ya mambo machache yanayomwonea huruma mwenye watoto wengi: mchango wa nyumba isiyo na mshahara huanzia Sh300 kwa mwezi, wawe watoto wawili au kumi. Lakini bima hiyo ilipoanza, mchango ulitakiwa kulipwa kwa mwaka mzima mara moja, na Sh3,600 kwa mpigo si pesa ya kuokotwa njiani.

Wakazi wa Mlima Kenya waliipata picha mapema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulipata wastani wa watoto 2.3 kwa mwanamke katika Kaunti ya Kirinyaga, wa chini kabisa nchini, na 2.7 katika Nyeri. Wajir ilikuwa na 7.8, karibu sawa na ile Kenya ya 1978.

Upungufu huo una wasioupenda. Viongozi wa eneo hilo wamesikika mara nyingi kwenye mazishi na mikutano wakiwahimiza wakazi wazae zaidi, kwa hoja kwamba idadi ni kura na kura ni pesa. Hoja ina msingi fulani: idadi ya watu ni kipimo kimojawapo katika kugawia kaunti fedha, na mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa majuma juu ya mfumo huo huku kaulimbiu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja ikivuma kutoka Mlimani. Tatizo ni kwamba wanaohimiza hawaji na karo. Mama wa Skuta, mjini Nyeri, anayeuza mboga hawezi kuzaa kwa ajili ya fomula.

Kuna hoja nyingine, ya ndani zaidi, ambayo haisemwi kwa vipaza sauti. Desturi ya Agikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu yake wa upande wa baba na wa pili la babu wa upande wa mama. Binti wa kwanza huchukua jina la nyanya wa upande wa baba, wa pili la nyanya wa upande wa mama. Ukitaka kuwarudisha wote wanne, unahitaji wana wawili na mabinti wawili, na Mungu hakubali oda. Nyumba ya watoto wawili huacha majina mawili nje ya mlango, na wakiwa mwana na binti, yote mawili ni ya upande wa mama. Nyanya wa Kerugoya anapouliza kwa upole kama hakuna mwingine anayekuja, huenda anajiulizia yeye mwenyewe.

Nayo ardhi iliyounganishwa miaka ya 1950 imerudi kuwa vipande. Eka nne kwa watoto wanane ni nusu eka kila mmoja. Wakigawa tena, mazungumzo yanakuwa ya robo, kisha ya pointi, na hatimaye ya ploti ya futi 50 kwa 100. Kwa mwenye wake wengi aliyefariki bila wosia, kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi hugawa mali kati ya nyumba kulingana na idadi ya watoto, huku mjane aliye hai akihesabiwa kama mtu mmoja zaidi. Nyumba yenye mjane na watoto saba ina vichwa vinane. Yenye mjane na watoto wawili ina vitatu. Eka 11 zitakwenda nane huku na tatu kule. Hapo ndipo mke mdogo aliyezaa wawili, aliyelima shamba hilo miaka 30, hugundua kwamba idadi ina thamani ambayo hakuna aliyemweleza.

Familia kubwa ya Nyeri haijatoweka kwenye skrini, hata hivyo. Ipo, ila si kwenye kituo chochote kikubwa. Ipo kwenye matangazo ya vifo ya redio za Kikuyu na kurasa za magazeti, ambapo majina ya watoto tisa hufuatana na miji yao: huyu wa Ruiru, huyu wa Nakuru, huyu wa Boston, huyu wa Dallas. Na tangu mwaka 2020, serikali ilipoweka kikomo cha waombolezaji kwa sababu ya Covid-19, ipo kwenye matangazo ya moja kwa moja ya mazishi kupitia YouTube. Kikomo kiliondolewa zamani. Kamera zilibaki, kwa sababu wale wa Boston na Dallas wasio na karatasi za kuwaruhusu kurudi Marekani wakitoka hawawezi kuja.

Sehemu ndefu zaidi ya matangazo hayo ni utambulisho. Mtoto wa kwanza anasimama na mkewe na wanawe, anasema neno, anampa wa pili kipaza sauti. Wote tisa hupita hivyo, wenye suti na wenye jaketi za kazi, aliyelipia wengine karo na waliolipiwa, na kila anayejua historia ya boma hilo anajua nani ni nani. Mpiga picha anawaomba wasogeleane. Wanabanana. Anawaomba tena, kwa sababu wa mwisho upande wa kushoto bado yuko nje ya picha.

Kazi yake hailipwi na mdhamini wala na watazamaji. Ilijadiliwa kwenye kikao cha kamati ya mazishi, ikaandikwa kwenye daftari la mweka hazina kati ya hema na gari la kubeba mwili, na ndugu tisa wakagawana gharama.